Winchi ya Pwani, Jiwe la Kigali

Wiki iliyopita nilikwenda Gisozi, kwenye soko la mafundi la Agakiriro, kutengenezewa kiti. Kiti chenyewe hakikuwa na ugonjwa mkubwa, mguu mmoja tu ulikuwa umelegea, lakini mtu akishastaafu hutafuta kisingizio cha kwenda kunusa vumbi la mbao na kusikia wengine wakigonga nyundo. Nikiwa nasubiri, nikawaona ninyi vijana mnanyanyua injini ya lori kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti ya paa. Mmoja wenu alikuwa amechuchumaa chini yake anatafuta spana. Nikauliza, "Hiyo boriti nani ameipima?" Mkacheka. Yule wa spana akanijibu, "Muzee, iko sawa. Jana tulibeba ingine kubwa kuliko hii."

Maneno kama hayo nilikuwa sijayasikia tangu mwaka 1992, na safari ile yalimvunja mtu mkono. Ndiyo maana nimekaa nikaandika haya. Yasomeni mkimaliza kazi. Yule wa spana asomewe na wenzake, maana sidhani kama ana subira ya kusoma mwenyewe.

Naitwa Zuberi. Machimboni waliniita Zubeli, na jina hilo nimeliitikia zaidi ya lile alilonipa baba. Nilizaliwa Biryogo, kwa washona nguo. Babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa hapa, akasahau njia ya kurudi. Nilitakiwa niwe mshonaji kama baba, cherehani ikanishinda, nikaenda kwenye mawe. Mama alisema angalau jiwe huwezi kulikata vibaya likamkasirisha mteja. Alikosea, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Machimbo yetu yalikuwa mlimani, ng'ambo ya bonde ukitazama kutoka Gisozi. Mwenyewe tulimwita Patroni. Mwanzoni mwa 1990 alipata kazi ya kutoa mawe makubwa kwa kuta za majumba ya Kiyovu, zile kuta za kuzuia udongo usiporomoke mvua ikinyesha. Mawe ya namna ile hayabebwi kwa mikono, na sisi tulikuwa na mitaimbo, kabari na migongo yetu tu. Patroni akasikia kwamba kuna machimbo ya mawe kando ya bahari, kaskazini ya Tanga, yamefungwa na vyombo vyake vinauzwa. Akanunua mashine ya kunyanyulia mawe. Ikaja vipande vipande kwenye malori mawili, na juu ya lori la pili, amekaa kwenye jiwe la kuzuia mzigo usiteleze, amevaa kofia na koti la mvua, alikuwa fundi wake. Ilikuja kama bi harusi anayeletwa na somo wake.

Huyo ndiye Fundi Mbwana. Sisi tulikuwa na jina la Kifaransa la mashine ile, lakini yeye alisema "winchi", na baada ya wiki moja kila mtu alisema winchi, hata Patroni.

Msidhani ilikuwa na injini. Ilikuwa na mlingoti wa chuma uliosimama wima, mkono mrefu ulioinama mbele, kamba ya waya iliyopita kwenye makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, na chini dramu ya kuzungushia kamba pamoja na magurudumu ya meno. Watu wawili walizungusha mpini upande huu, wawili upande ule, na jiwe likapanda polepole. Nyuma kulikuwa na sanduku kubwa la chuma lililojazwa mawe, ili winchi isiangukie mbele.

Fundi Mbwana aliijua historia ya winchi zile kama mtu anavyojua ukoo wake. Alituambia kwamba alipoingia machimboni akiwa kijana, wazee walikumbuka winchi za miti mitupu, mlingoti wa mbambakofi na kamba za katani, zikipakia mawe kwenye matishari ya kwenda kujenga gati. Baadaye zikaja za chuma, tatu, ndugu. Zilikuwa na birika la mvuke, na birika lilipotoboka kwa kutu hakuna aliyetaka kununua jingine, wakarudi kwenye mpini. Moja iling'oka siku ya upepo ikaanguka baharini, na maji yakipwa mkono wake ulionekana. Ya pili waliikata vipande. Ya tatu ni yetu. Kibao chake cha jina chumvi ilikuwa imekila herufi zote, basi hatukujua ilitoka nchi gani wala ina umri gani. "Hii ni mkubwa wangu," Fundi alisema, "na mimi si mtoto."

Chumvi ndiyo iliyokuwa adui yake. Kule kwao, kila Alhamisi jioni waliiosha winchi kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Basi na hapa Kigali, kila Alhamisi, alitutuma bondeni kuteka maji. Fikirini. Tulipanda mlima na madumu mabegani, tunakwenda kuosha chumvi ya bahari ambayo wengi wetu hatukuwahi kuiona. Tulifanya hivyo miezi. Aliyethubutu kuuliza ni Ladislas.

Ladislas alikuwa mkuu wa wapasua mawe. Mtu mrefu, mpole, mcheshi bila kucheka. Aliweza kugonga jiwe mara moja kwa nyundo, akasikiliza, akakuonyesha litakapopasukia. Siku hiyo alitua dumu lake akasema, "Muzee, sisi iko tunaosha nini?"

"Chumvi."

"Chumvi iko wapi hapa Kigali?"

Fundi Mbwana akapitisha kidole chini ya bamba la mlingoti, akakilamba. "Ipo," akasema. Ladislas naye akalamba. Akanitazama, akatikisa kichwa. "Iko," akasema, akabeba dumu kurudi bondeni. Mpaka leo sijui kama kweli ilikuwepo, au Ladislas alimstahi tu mzee.

Nawaambieni hilo ili mjue Fundi alikuwa mtu wa namna gani. Alichojifunza pwani alikuja nacho chote, hakuacha hata kimoja njiani, na vingi vilitufaa. Alinifundisha kukagua kamba ya waya kwa kitambaa: unaifunga kamba ndani ya kitambaa cha pamba, unatembea nayo taratibu, na pale uzi wa waya ulipokatika kitambaa kitanasa. Macho hudanganywa na grisi, kitambaa hakidanganyiki. Jaribuni. Alinifundisha kichuma kimoja kidogo alichokiita ulimi, kinachoangukia kwenye meno ya gurudumu wakati wa kupandisha, tak, tak, tak, ili jiwe lisirudi chini mtu akichoka. Wakati wa kushusha unauinua ulimi, na hapo jiwe limebaki mikononi mwa breki peke yake. Na kabla ya kuuinua, alisema, unachomoa mipini yote miwili unaiweka chini. Yote miwili! Maana jiwe likikimbia, mpini uliobaki huzunguka kama panga la wazimu. Aliona mtu mmoja akifa hivyo kwao. Sheria hiyo aliitaja kila siku, kama mtu anavyopiga bismillahi kabla ya kula.

Halafu kulikuwa na fimbo. Fimbo ya mkoko, nyeusi kwa kushikwa, na pembeni ina makato. Unapima jiwe urefu, upana na kimo, unasoma makato, na fimbo inakuambia: hili libebwe kwa kamba moja, hili kwa kamba iliyokunjwa mara mbili kwenye kapi, hili liacheni likae. Aliirithi kwa fundi aliyemtangulia. Kazi ya kupima alinipa mimi, na aliniahidi kwamba akistaafu breki itakuwa yangu. Niliitaka breki ile, wallahi. Mshika breki alivaa viatu vya kazi, alikaa kivulini, na Patroni alimwita Bwana. Nilikuwa na miaka thelathini na mke aliyechoka kuniuguza mgongo.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe.

Jiwe la pwani ni tumbawe. Lina vitundu tele, kama mkate wa kumimina. Jiwe letu la mlimani halina tundu hata la kupitisha sindano. Mawe mawili ya ukubwa mmoja, moja la Tanga na moja la Kigali, hayalingani uzito hata kidogo. Fimbo ilipima ukubwa. Uzito haikuujua.

Mtasema, fundi mkubwa namna ile hakulijua hilo? Alijua mawe yetu ni magumu. Lakini alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzuri. Ladislas alipomwambia juma la kwanza, "Muzee, hii jiwe iko nzito kuliko ya kwenu," Fundi alimwonyesha sanduku la nyuma. "Sanduku nimelijaza mawe yenu, sikulijaza mawe yetu. Jiwe la mbele zito, jiwe la nyuma zito. Umeona mguu wa winchi ukinyanyuka?" Hatukuwa tumeona. Winchi ilisimama imara. "Basi mwanangu, jiwe ni jiwe."

Na kweli, isingeanguka. Lakini kamba na breki havina habari na sanduku la nyuma. Vyenyewe vinabeba kilicho mbele tu.

Mimi nilijua. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Aliyeko kwenye mpini hujua kabla ya mtu yeyote. Jiwe ambalo fimbo ilisema ni la kamba moja tu, sisi wanne tulilipandisha huku macho yametutoka. Wakati wa kushusha nilisikia harufu ya mkanda wa breki ukiungua. Ladislas aliisikia pia, akanivuta kando tukila mchana. "Zubeli, wewe iko kwenye mpini. Mimi sijui mashine, atanicheka tena. Mwambie wewe."

"Nitamwambia kesho," nikasema.

Kesho hiyo ilidumu mwaka mzima na zaidi. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, vizuizi barabarani, kila mtu anapima maneno. Nilijiambia bora kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Uongo. Vita havikuhusika na breki. Niliogopa tu kwamba nikimkosoa mzee, atampa mwingine nafasi yangu.

Badala ya kusema, nikabuni ujanja. Jiwe likiwa kubwa, nilichomoa mpini wa upande wa Fundi, ule wa upande wetu nikauacha mahali pake, tukaushika wawili ili tuisaidie breki. Fundi hakuona. Mshika breki hutazama jiwe, na sisi tulikuwa nyuma ya mgongo wake. Ujanja ule ulifanya kazi. Kila jioni nilijipongeza kwamba nimemsitiri mzee na nimeilinda breki yake. Kila nilipoona mashaka usoni mwa Ladislas nilimwambia, "Jana tulibeba kubwa kuliko hili."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi, baada ya mvua. Jiwe lilikuwa la kizingiti, refu, la nyumba moja Kiyovu. Fimbo ilisema kamba ya kukunjwa, linabebeka. Tukalipandisha, tukalizungusha mpaka juu ya lori. Ladislas alikuwa amesimama ndani ya lori kuliongoza, mgongo wake umeegemea ukuta wa kibanda cha dereva, hana pa kukimbilia. Fundi akauinua ulimi. Jiwe likaanza kushuka, shibiri moja, mbili, halafu mkanda wa breki ukatoa moshi, na mpini ukapokonywa mikononi mwetu.

Sisi tuliruka nyuma. Yeye hakuruka. Angekaa pale pale kwenye breki asingeguswa, lakini aliinama kuurudisha ulimi kwenye meno. Alidhani mipini imetolewa, kwa sababu ndiyo sheria, na alikuwa ametufundisha yeye. Mpini ukampata mkono wa kulia juu ya kiwiko. Nilisikia mlio wake. Na bado aliusukuma ulimi kwa mkono ule ule uliokuwa unaning'inia. Meno mawili ya gurudumu yakavunjika, la tatu likashika.

Jiwe lilisimama usawa wa kifua cha Ladislas. Alikuwa ameweka viganja vyake viwili juu yake, kama mtu anayezuia mlango. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Buhoro buhoro," polepole, kana kwamba bado anatuongoza.

Patroni alifika hospitali siku ya pili. Tulikuwa wote watatu, Fundi kitandani na plasta mpaka begani. Patroni hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amekuja kutafuta jina la kuandika kwenye karatasi yake. "Shefu, nani aliacha mpini?" akamuuliza Fundi.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Changu hakikuwa na mshindo wowote. Nilitazama sakafu.

"Mimi," Fundi Mbwana akasema. "Mpini niliuacha mimi. Nimezeeka." Patroni alipotoka, akatabasamu kidogo bila kututazama. "Ukubwa ni jalala," akasema. Ladislas alinitazama kwa muda mrefu, na hakusema kitu, si siku ile wala baadaye. Ningependa angesema.

Basi Patroni akaamua mzee akipona arudi kwao, na breki akapewa Zuberi. Viatu vya kazi vilinibana, nikavivaa hivyo hivyo.

Lakini Fundi hakukaa bure wakati mkono ukiunga. Mnalikumbuka lile jiwe alilokuja amelikalia juu ya lori? Lilikuwa tumbawe, la Tanga hasa. Tangu lishushwe tulilifanya kigoda cha kunywea chai. Siku moja akamwomba Ladislas achonge jiwe la Kigali lilingane nalo sawasawa, pande zote. Wakalaza boriti juu ya kipande cha bomba, katikati, kila ncha wakatundika jiwe. Upande wetu ukaanguka chini puu. Wakaongeza vipande upande wa tumbawe, kimoja, kingine, kingine, mpaka boriti ikasimama. Fundi akavitazama vipande vile vya nyongeza. Kigoda chake mwenyewe. Alikuwa amekikalia miaka miwili.

"Jiwe si jiwe," akasema. Akamgeukia Ladislas mbele yetu sote. "Uliniambia siku ya kwanza. Nisamehe."

"Ntacyo, muzee," si kitu, Ladislas akajibu. "Na mimi nilikubali kulamba chumvi."

Tulicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa naogopa. Toka siku hiyo Fundi akawa anakaa na kisu, anaikata fimbo makato mapya upande wa pili, kwa mkono wa kushoto, yakitoka yamepinda. Upande mmoja Tanga, upande mwingine Kigali.

Mwaka 1994, Aprili, kazi ilisimama. Ladislas aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yeye, mkewe Beata, na watoto wao watatu. Mimi nilipona. Ya miezi ile yana mashahidi wake na mahali pake pa kusimuliwa. Hapa naandika jina lake kwa sababu alikuwa rafiki yangu, na kwa sababu machimbo mazima ni yeye peke yake aliyesema ukweli kuhusu jiwe siku ya kwanza. Winchi ilibaki mlimani bila mtu wa kuipaka grisi. Baadaye ilikatwa vipande ikauzwa, na huenda baadhi ya vyuma mnavyochomelea malango vilitoka kwayo. Mkikuta kimoja kina ladha ya chumvi, niiteni.

Lakini namalizia na mwaka uliotangulia, 1993, kituo cha mabasi cha Nyabugogo, asubuhi. Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, kwa hiyo Fundi Mbwana aliondoka kwa gari la Rusumo, mpakani, apitie bara ya Tanzania mpaka pwani. Nilimbebea sanduku lake. Mkono wa kulia ulikuwa umeunga vibaya, haukunyooka tena. Fimbo aliishika kwa kushoto. Dereva alikuwa ameshawasha gari, na mimi nilijua kwamba nisipolitoa pale nitazeeka nalo.

"Fundi," nikasema, "mpini niliuacha mimi. Na uzito niliujua. Niliujua siku zote."

Hakushtuka. Alinitazama kama anavyotazama kamba.

"Uliujua tangu lini?"

"Tangu jiwe la kwanza."

"Na hukusema kwa nini?"

"Niliitaka breki."

Kondakta akaita watu wa Rusumo wapande. Fundi Mbwana akainua fimbo, akanichapa nayo begani, mara moja, mbele ya kituo kizima. Watu wakageuka kutazama mzee wa kofia anampiga mtu mwenye miaka thelathini na mitatu. Nilisimama nikingoja pigo la pili. Halikuja. Akaigeuza fimbo, akanipa upande wa mshikio, akapanda gari.

Sikuumia. Alikuwa amenipiga kwa mkono wa kushoto.